Neno Nililofuta Katika Bukavu ya Bongo

Munanikuta hapa Nyalukemba nimekaa mbele ya nyumba, mikono mitupu, na kila mara munaniuliza neno moja: "Papa Mugisho, weye ulifundisha Bukavu muzima kulinda ma-ordinateri, juu ya nini uliacha ungali na nguvu?" Najibu kwamba macho yamechoka. Munacheka, munapita. Macho yangu hayana kitu. Leo naandika jibu lenyewe, kwa sababu baadhi yenu mumekwisha kujiandikisha kwa kazi hii, na sitaki muingie ndani mukiwa mumebeba mzaha wangu tu.

Kwanza mujue anayewaandikia ni nani. Masomo yangu yaliishia sixième primaire, darasa la sita, na sioni haya kusema. Nilianza mtaa wa Kadutu na meza moja ya mbao, nikitengeneza radio, kisha simu, kisha ordinateri, yaani kompyuta. Watu wenye diplôme walileta mashine zao zimekufa, wakaondoka nazo zikiwa nzima, na walinisemesha kwa heshima kama mutu anavyomusemesha daktari. Hakuna tonton, mjomba mwenye cheo, aliyenishika mkono. Kifaransa cha vitabu vya mashine nilikisoma peke yangu, kidole juu ya ukurasa, neno kwa neno, kama mutoto na katekisimu. Nilichokuja kujenga baadaye, sijaona mutu mwingine katika muji huu aliyekijenga mbele yangu. Kama yuko, aje anikatalie hapa mulangoni.

Nilijenga Bukavu ya pili.

Wasiojua wasikilize. Unachukua mashine moja kubwa, yenye nguvu. Ndani yake unatengeneza mashine nyingine ambazo haziko: hazina chuma wala waya, lakini kila moja inajidhania ni mashine kamili. Hii unaiambia, wewe ni hospitali. Ile, wewe ni shule. Nyingine radio, nyingine ofisi ya commune, serikali ya mtaa. Unazifunga pamoja zisemeshane, na muji umesimama juu ya meza. Kisha unagawa wanafunzi. Kundi moja ni wezi, lingine walinzi. Wezi wanavunja, walinzi wanaziba. Hospitali inaanguka, rejista zinavurugika, darasa zima linapiga kelele, na hakuna mgonjwa hata mmoja anayekufa. Kazi ikiisha, kuna kitufe kimoja tulichokiita "Asubuhi". Unakibonyeza, na mashine inarudi ilivyokuwa mara ya mwisho ulipoitunzia sura yake, yaani nakala yake nzima. Yote yaliyotokea baadaye yanafutika.

Wanafunzi waliuita muji ule Bukavu ya Bongo. Bongo kwetu ndiyo uongo. Jina likashika.

Sasa nawapa siri ambayo vitabu havisemi. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye mashine. Uko kwenye watu wa bongo utakaowaweka ndani. Mwanzoni niliwatengeneza wote wenye akili: hakuna aliyefungua barua ya ovyo, hakuna aliyempa mutu neno lake la siri. Wezi wakahangaika siku tatu, walinzi wakalala juu ya meza. Mwalimu wangu, Muzee Déo, ambaye nitawaambia habari zake, alisimama nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa.

"Mugisho, umejenga muji ya bamalaika. Hapa Bukavu uliona malaika anafanya kazi ku réception?"

Nikabomoa, nikaanza upya. Nikamuweka Maman Zawadi wa réception, pale mapokezi, anayefungua kila barua yenye jina la Monseigneur, askofu wetu, na kila barua yenye neno "urgent" anaifungua mara mbili. Nikamuweka chef mmoja, mkubwa wa ofisi, anayemupa shemeji yake neno la siri ili asisumbuliwe wakati wa chakula. Nikamuweka mulinzi wa mulango anayezima mashine zote kila mvua inapopiga radi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao. Hapo muji ukawa hai. Walinzi walijifunza kwa juma moja yale ambayo mwaka mzima wa ubao usingewafundisha.

Na katika muji ule nilimupata Furaha, mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwimbaji wa chorale, kwaya ya kanisa, mpole wa sura. Nilikuwa nimewapa watu wangu wa bongo maneno ya siri magumu, ndivyo nilivyojisifu darasani. Furaha akakaa katika kundi la wezi, akafunga macho kidogo, akaanza kuandika. Kabla ya saa sita alikuwa ndani ya hospitali, shule na commune.

"Umepita wapi?" nikamuuliza.

"Ku litania, Papa."

"Litania gani?"

"Ya batakatifu bote. Nilianza na Mikaeli, nikashuka pole pole. Neno la siri la Maman Zawadi njo Mtakatifu Anna. Chef wako iko Yozefu. Ule wa radio alinisumbua, kumbe iko Filomena." Darasa lilikuwa limeanza kuitikia "utuombee" kila anapotaja jina. "Papa, batu bako bote ni Bakatoliki bazuri. Ata mwizi anaingia na rozari."

Nilikasirika nusu saa. Kisha nikamufanya msaidizi wangu.

Muzee Déo alikuwa fundi wa simu za zamani, za wakati mutu anaomba namba, na mwingine anachomeka waya kwa mkono. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mashine haiombwi, inaulizwa: unauliza swali moja, unangoja jibu, ndipo unauliza lingine. Siku alipoona Bukavu yangu imesimama hakunisifu. Aliuliza tu: "Mutu ataonea wapi kama hii haiko ya kweli?"

"Si kila mutu anajua, Muzee? Iko darasani."

Akakaa. Akanisimulia kwamba ujanani mwake kulikuwa na ubao mmoja wa nyaya za simu wa kujifunzia na mwingine wa kazi, zimefanana kama mapacha, bega kwa bega. Mchana mmoja alichomoa waya akidhani yuko kwenye ubao wa kujifunzia. Kumbe kulikuwa na mutu anamuita daktari.

"Na yule mutu?" nikauliza.

"Sikujua. Njo ile inaniuma mpaka leo, sikujua." Akagonga meza. "Mutu akikaa ndani ya bongo saa mbili, anasahau iko ndani ya bongo. Andika pale juu. Andika kubwa, kwa nyekundu. Na ata siku moja usiitoe pale."

Nikaandika. Juu ya kila ukurasa wa muji wangu, kutoka upande mpaka upande, utepe mwekundu: BONGO. Wanafunzi waliuchukia, ulikula nafasi. Uliziba vichwa vya rejista. Lakini Muzee alipokuwa hai haukuondoka. Alifariki kwa maradhi ya kifua, na mimi nilikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Hapa ndipo ningependa kuishia. Lakini sikuandika karatasi hizi ili nijisifu tu.

Kulikuwa na ofisi moja katika muji inayoandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Jina lake siliweki hapa, na makosa hayakuwa yake. Mutoto analetwa, anaulizwa jina, kwao, mama ni nani, baba ni nani, amevaa nini. Familia ya kumupokea nayo inaandikwa. Mzazi akija, wanatafuta katika rejista, wanaambiwa mutoto yuko wapi. Walikuja kwangu wanataka rejista yao ikae kwenye ordinateri, ilindwe. Niliwajengea kwa mikono yangu, kwa njia ileile niliyojengea Bukavu ya Bongo, mashine ndani ya mashine, na kitufe kilekile cha Asubuhi. Nikawapa Furaha awe mulinzi wao. Kisha nikatengeneza pacha: rejista ya bongo, yenye majina ya kubuni, ili wafanyakazi wajifunze kuona barua za wezi bila kugusa watoto wa kweli.

Siku moja nikaambiwa wageni wanakuja kutazama, watu wakubwa wa mbali. Nilivaa koti. Asubuhi hiyo nikaitazama rejista yangu ya bongo, nzuri, rangi zilezile, herufi zilezile, na juu yake ule utepe mwekundu kama kidonda usoni. Nikamuambia Furaha autoe.

"Papa, Muzee alisema…"

"Muzee alikuwa mutu wa nyaya. Mimi nataka mgeni ashindwe kujua ya kweli ni ipi. Hapo ndipo atajua Mugisho ni nani."

Hakutaka. Nikautoa mwenyewe. Wageni walikuja, wakalinganisha mbili zile, wakashindwa kuzitofautisha, wakanipigia makofi. Mmoja alinipiga picha. Nilirudi nyumbani nikatembea katikati ya barabara kama bwana harusi. Utepe sikuurudisha. Sikusahau. Niliona ni mzuri zaidi bila huo.

Juma lililofuata watu walianza kushuka kutoka Bunyakiri wakikimbia vita, kwa mamia, kwa miguu, mvua juu yao. Watoto wakaletwa ofisini mchana kutwa. Wafanyakazi wapya wakaajiriwa, wakahitaji kufundishwa upesi, na Furaha akawa na kazi mbili kwa pamoja: dirisha moja la ordinateri anaandikisha watoto wa kweli, dirisha lingine anawafundisha wapya juu ya rejista ya bongo. Kutunza sura ya rejista ya kweli kulipaswa kufanyika kila Jumapili. Jumapili ile umeme haukuwapo, nikamuambia tutafanya katikati ya juma.

Jumatano, saa sita za mchana, kundi la kwanza la wanafunzi likamaliza. Furaha alitaka kuwasafishia wa pili. Akabonyeza Asubuhi.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Niliona mkono wake unabaki hewani.

"Papa," alisema polepole sana. "Hii ni ipi?"

Ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imerudi kwenye Jumapili iliyotangulia ile isiyo na umeme, kabla ya watu wa Bunyakiri. Watoto wote walioandikwa tangu hapo hawakuwamo tena.

Nilifanya yote ninayoyajua, na ninajua mengi. Nilichimba mashine siku mbili, nikatafuta sura ya siku zile kila mahali inapoweza kujificha. Haikuwapo. Wafanyakazi waliwarudia watoto waliokuwa bado kwenye uwanja, wakawauliza upya, na wengi wakaandikwa tena. Lakini waliokwisha kukabidhiwa familia na kuondoka, habari zao zilikuwa ndani ya mashine tu. Hao hatukuwa na mutu wa kumuuliza.

Chef wa ofisi alituita. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Nani alibonyeza?"

"Ni mimi," Furaha akasema.

Alinitazama mara moja, si kwa kunishitaki. Alikuwa anangoja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Alifukuzwa kabla ya jioni, na mimi nikaombwa nibaki nitengeneze.

Juma lile lile akaja Maman Nabintu, muuza ndizi wa Bunyakiri. Hakulia. Alikuja na uhakika: jirani yake alimuona binti yake, Asifiwe, wa miaka mitano, amesimama katika mstari wa ofisi ile, na pullover ya bleu, sweta ya buluu, mutu anamuandika. Kwa hiyo alikuja kumuchukua. Hivyo tu. Hata alikuwa amebeba ndizi ya kumulisha njiani.

Niliitwa nitafute. Nikaandika Asifiwe. Nikaandika Nabintu. Nikaandika bleu.

"Haiko, Maman."

"Tazama tena. Pengine bamemuandika vibaya."

Nilitazama tena, ingawa nilijua. Akakaa kwenye benchi. Kesho yake alikuwa kwenye benchi, na kesho kutwa pia.

Siku ya tatu nilipanda Kadutu, kwa akina Furaha. Nilimukuta anachambua maharagwe.

"Karibu, Papa Mugisho. Ofisi imekutuma?"

"Hapana. Niko natafuta mutoto mumoja. Asifiwe."

Mikono yake ikasimama. "Ule wa pullover ya bleu."

"Unamukumbuka?"

"Njo mimi nilimuandika. Nilimuuliza mama yako anaitwa nani, akaniambia 'Mama.' Nikamuambia, jina ingine? Akafikiri, akasema 'Maman.'" Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika. "Nikaandika vile vile."

"Balimupeleka wapi?"

"Ile siku familia mbili zilikuya kupokea batoto. Moja ya Nyalukemba, moja ya Luvungi. Mutoto gani alienda na nani, ile ilikuwa ku mashine."

Akarudi kwenye maharagwe. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Papa, pale mbele ya chef, ulikuwa unajua kama ni ule utepe?"

"Nilijua."

"Kumbe," akasema.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa chef nikamueleza utepe, wageni, Jumapili isiyotunzwa, yote. Alitaka kumurudisha Furaha. Furaha alituma jibu kwamba hataki tena kukaa mbele ya majina ya watu. Mimi nilizima Bukavu ya Bongo wiki ile. Mukinisikia nasema macho, ni hivyo.

Basi mukisimamisha miji yenu, na ninajua mutaisimamisha mizuri kuliko wangu, msiifananishe na ya kweli mpaka mwisho. Iwe na ubaya mmoja unaoonekana kutoka mulangoni. Mutu akiwaambia inachafua ukurasa, muache uchafuke. Na kitufe cha kurudisha kisikae mahali pamoja katika mashine ya kweli na ya mchezo. Hayo ni ya mikono. Yale ya mdomo uliopaswa kusema nimeyaandika hapo juu, pale kwenye viatu vyangu.

Familia ya Nyalukemba tuliipata kwa siku moja ya kuuliza nyumba kwa nyumba. Walikuwa wamepokea mvulana. Ikabaki Luvungi, mbali nje ya muji, na nikashuka huko mimi na Maman Nabintu. Nyumba tulionyeshwa. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Mwanamke wa jirani alikuja anafuta mikono.

"Bale batu balienda. Bunduki zilianza kulia, bakabeba magodoro na batoto. Balifuata njia ya Uvira, ao balivuka mpaka ya inchi. Hatujue."

"Kulikuwa mutoto wa pullover ya bleu?" akauliza Maman Nabintu.

"Batoto balikuwa batatu, mama. Pullover sikutazama. Unisamehe."

Tukakaa kwenye kibaraza cha nyumba ile ya watu. Nikaona siwezi kurudi Bukavu karibu na mama huyu na jambo hili mdomoni. Nikamueleza. Nilitafuta maneno ya kawaida: kwamba kulikuwa na rejista mbili, moja ya uongo, na kwamba niliondoa neno lililozitenganisha ili nisifiwe.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Neno moja?"

"Moja, Maman."

Akatazama mnyororo wa mulango. "Miye sikusoma, Papa. Nilizania mutu mwenye alisoma njo hapotezaka mutu."

"Hata miye sikusoma," nikamujibu. Maisha yangu yote nimelisema neno hilo kifua mbele. Pale halikutoka hivyo.

Aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akasema twende, jua lingalipo. Njiani kulikuwa na shule iliyojaa waliokimbia, tukaingia kuuliza. Mwalimu alitutolea binti mmoja wa umri ule, amekuja peke yake, hasemi. Maman Nabintu alimutazama uso kwa haraka, kisha polepole. Hakuwa yeye. Lakini mutoto alikuwa amekwisha kumushika kitenge, na mkono haukuachia. Maman Nabintu akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akamuvuta mapajani, akamumenyea ndizi, akawa anamupangusa pua na kumuimbia kitu cha Kishi, lugha ya kwao, ambacho sikukisikia vizuri. Nilisimama na mwalimu. Ilichukua saa nzima mpaka vidole vile vikalegea vyenyewe na mutoto akalala. Akamulaza juu ya mkeka, akamufunika na kitenge chake cha juu, akakiacha hapo.

Akanikaribia, akiwa ameshika mikono yake kama mutu anayesikia baridi.

"Papa," akaniambia, "shule ingine iko wapi?"